Kaburi halionekani kwenye daftari? Utatuzi pale majina ya ukoo yanapofanana kwa sauti

Tulimsimikia msalaba mtu ambaye hakuwa babu yetu. Fundi alimimina zege, akachora jina kwa rangi nyeusi, tukasali, tukapiga picha, tukarudi nyumbani mioyo ikiwa imetulia. Wiki mbili baadaye ikaja familia nyingine na malalamiko: kaburi la baba yao limeandikwa jina la watu wasiowajua. Kumbe kwenye daftari la makaburi kulikuwa na wawili waliozikwa wiki moja, mistari miwili iliyofuatana, mmoja Mushi na mwingine Moshi. Aliyetunakilia namba ya kaburi alichukua ya mstari wa juu. Tuliomba radhi, tukaung'oa msalaba mbele ya msimamizi na wenye kaburi, tukaanza upya.

Tangu hapo nimewasaidia ndugu na majirani wengi kutafuta makaburi ya watu wao, na shida wanazokuja nazo ni zile zile. Nimezipanga kwa dalili, na chini ya kila dalili nimeweka sababu, nikianza na inayotokea mara nyingi zaidi. Ila kuna jambo moja lazima lijulikane kwanza. Jina lililo kwenye daftari ni sauti iliyotoka kinywani mwa mfiwa aliyechoka kulia, ikaingia sikioni mwa karani ambaye pengine lugha yake ya nyumbani ni nyingine kabisa, ikaandikwa kwa haraka huku gari la mwili likisubiri. Mtu aliyezoea kulisahihisha jina hilo kila lilipokosewa ndiye huyo anayezikwa. Kwa hiyo unapotafuta, tafuta sikio la aliyeandika.

Kabla ya kufungua daftari lolote

Usiende makaburini na jina peke yake. Kaa na wazee, uandike majina yote ya marehemu: la ubatizo au la kuzaliwa, la ubini, la ukoo, lakabu, na hata "Mama Fulani" kama ndivyo mtaa mzima ulivyomwita. Andika tarehe ya kufa na ya kuzikwa, kila moja peke yake. Andika alifia wapi, hospitali au nyumbani. Andika dhehebu lake, nani alichukua kibali cha mazishi, na nani alibaki kaburini mpaka udongo ukajaa.

Kisha tafuta daftari la michango ya msiba. Watu wengi hawalikumbuki, nami naliona kuwa shahidi bora kuliko wote. Mweka hazina wa msiba huandika tarehe, mahali pa mazishi na majina ya wanandugu, na hulitunza kwa sababu michango hulipwa kwa michango. Kwa Kenya, ile karatasi ya ratiba ya mazishi na tangazo la kifo gazetini hufanya kazi hiyo hiyo, maana hutaja wazazi, ndugu, wake na watoto kwa majina. Tanzania kulikuwa na matangazo ya vifo ya redioni. Mzee aliyekuwa akiyasikiliza kila siku anaweza kukumbuka tangazo lilisomwa lini na mazishi yalitajwa kuwa wapi.

Dalili ya kwanza: jina halimo kabisa

Sababu kubwa: limeandikwa kwa sikio la mwingine. Chukua karatasi, tamka jina kwa sauti mara tatu, kisha andika kila namna ambayo mtu asiyewajua angeliandika. Karatasi hiyo mimi naiita orodha ya masikio, na siendi ofisi yoyote bila hiyo.

Anza na R na L. Kisukuma hakina r yake ya asili. Kikuyu hakina l. Ukoo unaojiita Rwegasira unaweza kukaa kwenye daftari la Mwanza ukiwa Lwegasila au Lugasila. Tarimo huwa Talimo. Kama faharasa imepangwa kwa alfabeti, tofauti ya herufi hiyo ya kwanza inakupeleka kurasa nyingi mbali na mahali pa kweli, na hapo ndipo wengi hukata tamaa na kusema rekodi imepotea.

Halafu irabu. Kikuyu kina ĩ na ũ ambazo masikioni mwa mgeni hukaribia e na o. Madaftari mengi hayaweki alama hizo, basi Wangarĩ hugeuka Wangari hapa na Wangare pale, na wote ni mtu yule yule. Na herufi c ya Kikuyu karani mmoja aliiandika kwa ch, mwingine kwa sh.

Majina yenye asili ya Kiarabu ndiyo yanayotawanyika kuliko yote. Khamis na Hamisi, Khalfan na Halfani, Suleiman na Selemani, Ali na Ally na Aly, Abdalla na Abdullah. Rashid akifika bara huongezwa irabu akawa Rashidi. Ramadhani ukivuka kwenda Kongo utamkuta Ramazani, na Athumani utamkuta Asumani. Kwa Zanzibar na mwambao, angalia pia kama daftari la zamani la msikiti liliandikwa kwa hati ya Kiarabu: hati hiyo haina herufi maalumu za e na o, wala p, g na v katika umbo lake la kawaida, kwa hiyo aliyelihamishia baadaye kwenye herufi za Kirumi alilazimika kukisia.

Herufi zilizorudiwa au kurukwa zinachosha lakini ni rahisi: Masawe na Massawe, Malya na Mallya, Kesi na Kessy, Lyimo na Limo. Majina ya Kinyakyusa yanayoanza na Mwa- hujaza kurasa nzima, na jicho huchoka kabla ya kufika mwisho wa jina. Hayo yasome kutoka nyuma. Ficha Mwa- kwa kidole, linganisha kilichobaki.

Kwa makaburi ya zamani, uliza aliyeshika kalamu alitoka wapi. Mjerumani aliandika Sansibar na Kilimandscharo, na Wachaga aliwaita Dschagga. Kwa hiyo katika kitabu cha misheni cha kabla ya Vita ya Kwanza ya Dunia, Mushi anaweza kuwa Muschi, Zuberi akawa Suberi, sauti ya ch ikawa tsch, ya y ikawa j, ya v ikawa w. Mapadri wa Kifaransa, waliofika Bagamoyo mwaka 1868 na baadaye wenzao wa upande wa Tabora na Karema, walileta ou mahali pa u, dj mahali pa j na ch mahali pa sh. Mfaransa mpaka leo anaandika Ouganda. Huko Kongo tahajia ya Wabelgiji imebaki hai katika majina kama Tshombe, ambalo sisi tungeandika Chombe. Vitabu vingi vya Kikatoliki viliandikwa kwa Kilatini, hivyo Petro ni Petrus, Yosefu ni Josephus na Yohane ni Joannes.

Anayedhani mambo haya ni ya karani mvivu, aangalie jina la Kariakoo. Kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika Vita ya Kwanza kiliitwa Carrier Corps. Dar es Salaam ikasikia Kariakoo, Nairobi ikasikia Kariokor. Sauti moja, miji miwili, tahajia mbili, na zote zimechongwa kwenye vibao vya barabara.

Sababu ya pili: jina limepangwa mahali pengine. Sisi wengi hatuna jina la ukoo kwa maana wanayoitumia waliotengeneza fomu. Salim Juma Khamis ana jina lake, la baba na la babu. Mwanawe ni Juma Salim Juma. Faharasa inaweza kumweka chini ya S, J au K, kutegemea karani wa mwaka huo. Tafuta chini ya majina yote matatu. Katika madaftari ya zamani angalia pia bin na binti, kwa kuwa wapo waliopangwa wote chini ya B. Kwa watu wa Rwanda na Burundi usitafute kwa jina la baba hata kidogo: kwa desturi kila mtoto hupewa jina lake, na ndugu watano wa tumbo moja wanaweza kuwa na majina matano yasiyofanana. Wanawake wa rika la bibi zetu waandikwa kwa jina la mume, la baba, au la mtoto wa kwanza.

Sababu ya tatu: hakuzikwa makaburini. Kilimanjaro watu huzikwa kihambani, miongoni mwa migomba yao. Wajaluo huzikwa nyumbani, dala. Daftari la makaburi ya mji halitakuwa na habari zao hata marehemu awe alifia hospitali ya Muhimbili. Hapo nenda kwenye kitabu cha marehemu cha parokia au usharika, au kwa mtendaji wa kijiji aliyeandika kifo hicho. Kwa Kenya nenda kwa chifu msaidizi wa eneo.

Sababu ya nne: umefungua daftari lisilo lake. Makaburi makubwa ya mjini yamegawanywa kwa dini na madhehebu, na kila upande unaweza kuwa na kitabu chake na mtunzaji wake. Uliza una vitabu vingapi mbele yako, na vingapi viko kwingine.

Sababu ya mwisho ni kurasa zilizoliwa na mchwa au kulowa, au kifo ambacho hakikuandikwa na serikali tangu mwanzo. Sheria za kikoloni zililazimisha usajili wa vifo vya Wazungu na Waasia mapema, Waafrika wakaachwa nyuma. Kwa Kenya usajili wa lazima kwa watu wote ulienea nchi nzima mwanzoni mwa miaka ya 1970. Kwa mtu aliyekufa kabla ya hapo, kanisa, msikiti na kumbukumbu za wazee ndiyo ofisi.

Simama hapa: mtu akikuambia anaweza "kuipata" rekodi kwa malipo ya pembeni, achana naye. Ninachokiogopa zaidi ya fedha kupotea ni kwamba atakuletea jina linalofanana na lako, nawe kwa sababu ya kiu utaliamini.

Dalili ya pili: mtambo wa kutafutia unasema hakuna, lakini unajua yupo

Hii hutokea kwenye hifadhidata za intaneti kama FamilySearch au ile ya CWGC, tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola.

Kagua kwanza yale madogo. Futa tarehe, futa mahali, acha jina moja tu. Geuza mpangilio: weka la mwisho mwanzoni. Kisha tumia alama ya nyota pale inaporuhusiwa: *wegasi*a itawashika Rwegasira na Lwegasila pamoja, na Mas*awe itawashika Masawe na Massawe.

Ikishindikana, jua kwamba mitambo mingi ya kulinganisha sauti za majina imejengwa juu ya kanuni iitwayo Soundex, iliyopewa hataza Marekani mwaka 1918 kwa ajili ya majina yanayotamkwa Kiingereza. Inashika herufi ya kwanza kama ilivyo, inatupa irabu, na konsonanti zilizobaki inazigeuza namba. Jaribu uone. Rwegasira inakuwa R226, Lwegasila inakuwa L224. Kwa mtambo hao ni watu wawili wasiohusiana, wakati sisi tunajua ni jina moja. Sasa geuza upande wa pili: Mushi, Moshi na Mosha wote watatu wanakuwa M200. Kanuni hiyo inatenganisha walio wamoja na kuunganisha walio mbalimbali, kwa kuwa majina yetu yamebeba maana katika irabu zile zile inazozitupa. Ukiona kitufe cha "sauti zinazofanana", kibonyeze, lakini majibu yake yachukue kama fununu tu. Orodha yako ya masikio, ukiingiza jina moja baada ya jingine kwa mkono, itakufikisha mbali zaidi.

Sababu nyingine ni mnakili. Hifadhidata nyingi zilinakiliwa kutoka picha za madaftari na watu wasiozijua lugha zetu. Pale unapoweza kuifungua picha ya ukurasa wenyewe, ifungue, usome kwa macho yako. Herufi n na u, a na o, S na L za mwandiko wa zamani hupishana sana.

Dalili ya tatu: wamo wengi, hujui ni yupi

Hapa ndipo kosa letu lilipotokea, na hapa ndipo ninapowasihi watu wapunguze mwendo.

Sababu ya kawaida ni majina tofauti yanayodhaniwa kuwa moja. Hassan na Hussein ni wawili. Muhammad, Mahmoud, Ahmad na Hamad yametoka mzizi mmoja wa Kiarabu lakini kila moja ni jina kamili la mtu wake. Salim na Salum mara nyingi huandikwa kwa kupishana. Saleh na Suleiman ni wengine. Kabla ya kusema "karani alikosea tu", uliza familia kama ndani yake hakuna ndugu mwenye jina hilo la pili. Mara nyingi yupo.

Ya pili ni herufi moja inayobadili jinsia. Kwa Wajaluo Otieno ni mwanamume na Atieno ni mwanamke, wote waliozaliwa usiku. Vivyo hivyo Ochieng na Achieng, Okoth na Akoth. O iliyoandikwa vibaya inafanana na A. Kwa Wakalenjin Kip- ni ya kiume, Chep- au Jep- ni ya kike. Ukipata rekodi inayolingana kila kitu ila jinsia, usiitupe mpaka uione kwenye ukurasa wenyewe, wala usiipokee mpaka safu ya jinsia na umri ikubali.

Ya tatu, majina yanayorudi kwa desturi. Wakikuyu huwaita watoto kwa majina ya babu na bibi, kwa mpangilio unaojulikana, basi wajukuu kadhaa wa mzee mmoja hubeba jina lake, na wanaweza kuzikwa makaburi yale yale. Mwambao nako jina la babu humrudia mjukuu. Hapa umri ndio unaotenganisha. Na pacha nao: Kulwa na Doto wa Usukumani, Opiyo na Odongo wa Ujaluoni, Bukuru na Butoyi wa Burundi. Tarehe ya kuzaliwa ni moja, wazazi wale wale, ukoo ule ule. Nimewahi kuona kumbukumbu mbili za watoto pacha zilizounganishwa na mtu mwenye nia njema aliyedhani anasahihisha rudio, na mtoto mmoja akatoweka kwenye karatasi.

Namna ninavyoamua sasa ni hii. Jina nalipa nafasi ya mwisho. Natafuta mambo matatu yasiyo jina yanayokubaliana: tarehe ya kuzikwa, umri, mahali alipofia, aliyechukua kibali, namba ya kibali, dhehebu. Matatu yakikubali na jina likafanana kwa sikio, nasema ndiye. Mawili tu, nasema pengine, na pengine haimiminiwi zege. Kisha nasoma mistari mitano juu na mitano chini ya jina nililolipata, kwa sababu jirani wa kwenye daftari mara nyingi ndiye jirani wa kaburini, na ndiye anayeleta mkanganyiko.

Dalili ya nne: rekodi ipo, kaburi halionekani

Anza na hesabu ya safu. Uliza safu huhesabiwa kuanzia lango lipi. Malango hufungwa na kufunguliwa, na mpya likifunguliwa watu huanza kuhesabu kutoka upande wa pili. Tafuta makaburi mawili yenye vibao vinavyosomeka, yatafute kwenye daftari, kisha hesabu kutoka hapo.

Sababu inayofuata ni alama iliyokwisha. Msalaba wa mti huoza, na wa chuma huibwa ukauzwa kama chakavu. Waislamu wengi huweka kibao kidogo tu au jiwe lisilo na maandishi, na hilo ni jambo la imani yao, si uzembe wa mtu. Mchimba kaburi wa siku nyingi ni muhimu kuliko ramani. Mfuate kwa heshima, umpe muda.

Makaburi ya mjini yamejaa. Kinondoni ya Dar es Salaam na Lang'ata ya Nairobi zinajulikana kwa msongamano, na pale palipojaa watu huishia kuzikwa juu au karibu mno na kaburi la zamani. Kama unachokiona mahali pa namba yako ni kaburi jipya la mtu mwingine, usimlaumu mfiwa uliyemkuta pale. Naye alionyeshwa.

Iko sababu ambayo watu hawaifikirii: makaburi yenyewe yamehama. Makaburi ya vita ya Dar es Salaam yaliyo Barabara ya Bagamoyo yalitengenezwa mwaka 1968, pale makaburi 660 ya Vita ya Kwanza yalipohamishwa kutoka Ocean Road ili kupisha barabara mpya. Anayeshika kumbukumbu ya zamani inayosema Ocean Road atazunguka ufukweni siku nzima bure. Mwaka uliofuata, 1969, Tanzania ilitunga Sheria ya Kuhamisha Makaburi, na kwa sheria hiyo serikali imehamisha makaburi penye miradi. Penye barabara kuu, reli au bwawa, uliza halmashauri kama makaburi ya eneo hilo yalihamishwa na yalipelekwa wapi. Orodha ya kuhamisha huandikwa upya, na majina husikika upya, na kukosewa upya.

Kwa wapagazi na askari wa Vita ya Kwanza niwe mkweli kwako tangu mwanzo: wengi wao hawakupewa kaburi lenye jina. Ripoti ya CWGC ya mwaka 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa jina au hawakukumbukwa kabisa. Sanamu ya Askari ya Dar es Salaam na zile za Nairobi na Mombasa ziliwekwa kwa ajili yao wote kwa pamoja. Ukikuta jina linalofanana na la babu wa babu yako kwenye hifadhidata ya vita, furahi polepole, na urudi kwenye mambo matatu.

Na kwa ajali kubwa, kama ya meli ya MV Bukoba ya tarehe 21 Mei 1996, wapo waliozikwa pamoja Igoma, Mwanza, bila kutambuliwa. Familia ikiwa na jina tu kutoka orodha ya abiria, lililosikiwa na mkata tiketi, pasipo mwili uliotambuliwa, hapana kaburi la mtu mmoja la kutafuta. Watu huenda Igoma kuomba pale kwa ajili ya wote, na ndivyo ninavyoshauri.

Simama hapa: usichimbe, hata kidogo, hata "kuangalia jeneza tu". Kufukua mwili ni jambo la mahakama na mamlaka, likifanyika mbele ya afisa afya na polisi. Usihamishe jiwe wala kibao cha mtu. Makaburi ya vita usiyaguse. Andikia tume yenyewe ukiona kosa.

Dalili ya tano: tarehe zinapishana

Tofauti ya siku moja kwa kawaida si kosa. Kwa hesabu ya Kiswahili na ya Kiislamu siku huanza magharibi jua linapozama. Aliyefariki Alhamisi saa tatu usiku, wazee watasema alikufa usiku wa Ijumaa, na hospitali itaandika Alhamisi. Wote wamesema kweli.

Tofauti ya siku kadhaa au wiki: umechanganya kufa na kuzikwa. Muislamu huzikwa haraka, mara nyingi siku ile ile. Mkristo anaweza kulala mochwari wiki nzima akisubiri ndugu. Daftari la makaburi huandika kuzikwa, cheti huandika kufa.

Ikiwa mwaka ni kama 1340, hiyo ni Hijria, kalenda ya Kiislamu; mwaka huo wa 1340 ulianza Septemba 1921. Usitoe tofauti moja kwa kila mwaka, kwani mwaka wa Hijria ni mfupi kwa siku kama 11 kuliko mwaka wa kawaida. Tumia jedwali la kubadilishia au muulize imamu.

Tofauti ya miaka ndiyo ya kukushtua. Hapo karibu kila mara umemshika mtu mwingine mwenye jina lile.

Dalili ya sita: jina la kaburini silo la kwenye cheti

Mara nyingi ni mchora vibao aliyeandikiwa kwenye kipande cha karatasi, au aliyesomewa kwa simu. Mara chache zaidi, marehemu alibadili dini, na jiwe likashika jina moja huku karatasi zikishika jingine. Kosa la jiwe ni la kurekebishwa na fundi kwa ruhusa ya msimamizi wa makaburi, familia nzima ikijua.

Kosa la cheti ni jambo zito. Usikiguse kwa kalamu, wala usimruhusu mtu akuongezee herufi kwenye daftari la ofisi. Hati iliyochezewa inaweza kukataliwa pale utakapoihitaji kwa mirathi au mafao. Tanzania bara nenda RITA, wakala wa serikali wa usajili, Zanzibar nenda kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, Kenya nenda ofisi ya usajili wa raia, ukiwa na kibali cha mazishi, kitambulisho cha marehemu na hati ya kiapo inayoeleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja. Hati hiyo iandaliwe na wakili. Kama kuna shamba, nyumba au akaunti ya benki inayosubiri jina hilo, mtafute wakili kabla hata ya kwenda ofisini, maana mstari mmoja ulioandikwa vibaya kwenye kiapo unaweza kumfungulia mlango mtu wa ukoo unaofanana na wenu.

Dalili ya saba: familia mbili, kaburi moja

Acheni kutafuta, kaeni pamoja. Mwiteni msimamizi wa makaburi, mwenyekiti wa mtaa na mzee mmoja kutoka kila upande, kila familia ije na karatasi zake. Mara nyingi namba mbili zikiwekwa mezani pamoja, mambo hujieleza. Kaburi lisiguswe mpaka hapo, na asiwepo wa kuja usiku na nyundo.

Ikishindikana, ni mahakama, na mjue kwamba mahakama huchukua muda. Kenya haijasahau kesi ya S. M. Otieno, aliyefariki tarehe 20 Desemba 1986 na kuzikwa tarehe 23 Mei 1987, baada ya mjane na ukoo kushindana mahakamani juu ya mahali pa kumzika.

Sisi na wenzetu hatukufika huko. Mzee wao alikumbuka kwamba siku waliyomzika baba yao kulikuwa na kaburi bichi upande wa kushoto, karibu na mwarobaini. Tulihesabu kutoka kwenye mti huo. Namba ya mstari wa chini ilikuwa pale pale, na msalaba ule ule tulioung'oa ndio tuliousimika, hatua nne kutoka mahali pa kwanza.